Matangazo yamezidi kwenye brauza? Anza kwa kujua yanaingilia mlango gani

Watu wengi wakishachoshwa na matangazo kitu cha kwanza wanachofanya ni kutafuta bloka yoyote ile, yaani programu ya kuzuia matangazo, wanaweka ya kwanza inayotokea, afu wiki moja baadaye wanalalamika haifanyi kazi. Mara nyingi bloka yenyewe haina kosa. Matangazo yanaingia kwa milango kama minne hivi na bloka ya kwenye brauza inafunga mmoja tu, sasa ukifunga dirisha huku mwizi anapita mlango wa nyuma utalilaumu dirisha bure.

Kwa hiyo kabla hujaweka chochote angalia tangazo linatokea wapi. Kama linakuja juu ya skrini mithili ya meseji, hata brauza hujaifungua, na chini yake kuna jina la websaiti usiyoikumbuka, hiyo ni notifikesheni. Kama liko katikati ya habari unayosoma, hilo ni tangazo la ndani ya ukurasa na ndo hasa kazi ya bloka. Kama liko ndani ya gemu au aplikesheni ya tochi, brauza haihusiki kabisa. Na kama linafunika skrini nzima ghafla ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu, hujagusa kitu, basi kuna aplikesheni uliyoiweka hivi karibuni ndo inafanya huo ushenzi, dawa yake ni kuitoa na sio kuizungushia bloka.

Hatua ya 1: zima notifikesheni za websaiti

Naiweka mwanzo kwa sababu haihitaji kuweka kitu chochote kipya na kwa watu wengi inamaliza nusu ya tatizo. Ile "simu yako ina virusi 13, safisha sasa" inayoingia usiku wa manane sio virusi. Kuna siku uliingia websaiti fulani ikakuambia bonyeza ruhusu ili kuthibitisha wewe sio roboti, ukabonyeza, na pale ulikuwa unaipa kibali cha kukutumia notifikesheni mpaka utakapokifuta mwenyewe. Mdogo wangu alishawahi kuniletea simu yake akiwa amekata tamaa kabisa, anataka kuifuta kila kitu ianze upya, kumbe kulikuwa na websaiti kumi na kitu zenye kibali, nikazifuta zote dakika chache tu simu ikanyamaza, picha zake zikapona.

Kwenye Chrome ya simu gusa vidoti vitatu kule juu, ingia setingi, shuka mpaka palipoandikwa "Site settings", halafu "Notifications". Utaona orodha ya websaiti ulizoziruhusu. Usiogope kufuta, hakuna kitakachoharibika, na kama kuna moja unaihitaji kweli kama barua pepe utairuhusu tena baadaye. Ukimaliza zima kabisa ile sehemu ya websaiti kuomba kibali. Kwenye kompyuta ni njia hiyo hiyo ila unapitia kwanza "Privacy and security". Firefox nayo ina kisanduku cha kutiki ili maombi yote mapya ya notifikesheni yakataliwe yenyewe bila kukuuliza, kiko kwenye setingi za faragha upande wa vibali.

Ukiwa hapo hapo "Site settings" ya Chrome pitia na "Pop-ups and redirects" na "Intrusive ads", hakikisha zote mbili zimezuiwa. Hiyo ya pili Chrome imekuwa nayo tangu Februari 2018, inazuia matangazo kwenye zile websaiti zinazovuka mipaka tu, kama video zinazopiga kelele zenyewe au tangazo linalofunika ukurasa mzima na saa ya kuhesabu. Yaliyobaki yanapita. Na hapa tusidanganyane, Chrome ni ya Google, na Google pesa yake kubwa inatoka kwenye matangazo, kwa hiyo usitegemee muuza samaki akusaidie kufukuza harufu ya samaki.

Hatua ya 2: chagua brauza kabla ya kuchagua bloka

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo kila kitu kinaamuliwa, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ukurasa mmoja wa habari hautoki sehemu moja. Maandishi yanatoka kwenye seva ya websaiti yenyewe, lakini matangazo na vile vikodi vya kukufuatilia vinaitwa kutoka kwenye anwani nyingine kibao. Bloka inakaa katikati, kila mara brauza ikitaka kuita anwani fulani bloka inaangalia kwenye orodha yake, ikiikuta inakata, haishuki kabisa. Ndo maana ukurasa unafunguka haraka na bando linapona, kwa sababu tangazo halijafichwa tu, halijaja.

Bloka nyingi ni ekstensheni, yaani programu ndogo unayoiongeza kwenye brauza, na miaka mingi ekstensheni ilikuwa kama mlinzi anayesimama mwenyewe getini, anamwangalia kila mgeni, anaamua papo hapo. Google wakabadilisha utaratibu, mfumo mpya unaitwa Manifest V3, na humo mlinzi hasimami tena getini, anaandika orodha ya wasiotakiwa anamkabidhi mwenye nyumba ambaye ni brauza, halafu brauza ndo inakagua. Orodha inasaidia ila ina mipaka, na janja nyingi za hapo hapo haziwezekani tena. Kwa sababu hiyo uBlock Origin, ambayo kwa maoni yangu ndo bloka bora kuliko zote, ilizimwa kwenye Chrome kidogo kidogo kuanzia 2024, na mpaka 2025 ikawa haifanyi kazi tena. Kama unasoma maelekezo ya zamani yanayokuambia uiweke kwenye Chrome ndo maana unahangaika huioni.

Basi chaguo liko hivi. Ukitaka bloka yenye nguvu zote, tumia Firefox, kwa sababu wao wameendelea kuuruhusu ule utaratibu wa zamani pamoja na mpya. Hata Firefox ya Android inakubali ekstensheni, kitu ambacho Chrome ya simu haifanyi. Ukiwa mvivu wa kusetisetia, weka Brave, bloka imekuja nayo ndani, unafungua tu unaanza kutumia. Opera na Vivaldi nazo zina bloka ya ndani ila angalia kwenye setingi kama imewashwa. Kama huwezi kuachana na Chrome kwenye kompyuta, labda kazini ndo wamekuwekea hiyo, tumia uBlock Origin Lite, ambayo ni ndugu yake mdogo iliyotengenezwa kufuata utaratibu mpya. Sio mbaya hata kidogo, kwa websaiti za kawaida hutaona tofauti kubwa.

Wa iPhone, Safari inaruhusu bloka tangu iOS 9 ya 2015. Siku hizi uBlock Origin Lite ipo App Store, AdGuard nayo ipo. Unashusha, afu unaingia setingi za Safari upande wa ekstensheni unaiwasha, hii ya kuwasha watu wanaisahau wanabaki kushangaa. Chrome na Firefox za iPhone hazipokei ekstensheni, usipoteze muda huko.

Hatua ya 3: weka bloka moja, na iwe yenyewe

Firefox, fungua menyu, ingia sehemu ya ekstensheni, tafuta uBlock Origin, bonyeza kuongeza, kubali vibali, imeisha. Kwenye simu ni vidoti vitatu halafu ekstensheni. Ila kabla hujabonyeza soma jina la mtengenezaji, linatakiwa liwe Raymond Hill. Hata ile Lite ni yake yeye. Na jina lazima liwe na neno Origin, kwa sababu kuna nyingine inaitwa uBlock tupu, hiyo alishaiachia watu wengine tangu 2015 na haina uhusiano naye tena.

Kwa nini nasisitiza jina? Bloka ili ifanye kazi inaomba kibali cha kusoma na kubadilisha kila ukurasa unaofungua, yaani kila kitu, mpaka ukurasa unaoandikia paswedi. Ukimpa mtu mbaya kibali hicho umemkabidhi funguo za nyumba. Aprili 2018 watu wa AdGuard waligundua bloka feki kwenye duka la Chrome, zilikuwa zimeigiza majina ya zile maarufu na kwa pamoja zilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 20 kabla hazijaondolewa. Na Oktoba 2020 ikatokea nyingine, bloka ya kweli kabisa iliyokuwa ikiaminika, Nano Adblocker, mwenyewe akaiuza, wanunuzi wakaigeuza kuwa ya kuiba taarifa za watu. Kwa hiyo idadi ya nyota na ya waliopakua isikudanganye sana.

Afu weka moja tu. Nishakutana na mtu ana bloka tatu kwenye brauza moja, anadhani nguvu zinajumlishwa. Hazijumlishwi, zinagombana, moja inaficha kile ambacho nyingine inajaribu kukirekebisha, kurasa zinakuwa nzito na websaiti inagundua kirahisi kwamba unazuia. Ukiwa na Brave tayari huna haja ya kuongeza kitu juu yake.

Na wale wenye Adblock Plus, ambayo ni ya siku nyingi sana, mjue kwamba tangu 2011 ina mpango wa matangazo yanayokubalika, yaani matangazo ya aina fulani inayapitisha kwa makusudi, na baadhi ya kampuni kubwa zinalipia hilo. Sio siri, wameandika wenyewe. Ukitaka yote yazuiwe ingia setingi zake utoe tiki hapo.

Hatua ya 4: gusa orodha, lakini kidogo tu

uBlock Origin ukiiweka inakuja na orodha zake zikiwa zimewashwa tayari, EasyList ya matangazo, EasyPrivacy ya wafuatiliaji na nyingine za websaiti hatari. Hizo zinatosha. Bonyeza alama ya ekstensheni, utaona kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima, na idadi ya vitu vilivyozuiwa kwenye ukurasa huo. Kule chini kuna alama ya gia, hiyo inakupeleka kwenye setingi, ukurasa wa "Filter lists".

Pale ongeza kitu kimoja tu, orodha za makero, zile za kuondoa vibao vya kuki na vya "jiunge na jarida letu". Raha yake utaiona siku hiyo hiyo. Ila acha tamaa ya kutiki kila unachokiona, nimefanya huo ujinga, nikawasha orodha zote mpaka za lugha nisizozijua, matokeo yake nilikuwa najaza fomu ya maombi na kitufe cha kutuma hakionekani, nikaanza upya mara mbili nikidhani websaiti yao imekufa, kumbe filta moja kati ya hizo ilikuwa imekificha.

Orodha zinajiapdeti zenyewe. Lakini kuna websaiti zinazobadilisha mbinu kila mara, YouTube ikiwa ya kwanza, tangu 2023 wamekuwa wakipambana na bloka waziwazi, kwa hiyo siku ukiona matangazo ya video yamerudi au kibao kinakuambia uzime bloka, kitu cha kwanza ingia hapo hapo "Filter lists", bonyeza alama ya saa kwenye orodha za uBlock zenyewe au futa kashe yote, yaani nakala za zamani za orodha zilizohifadhiwa, halafu apdeti, funga ukurasa fungua upya. Mara nyingi watunzaji wa orodha wanakuwa wameshajibu. Lite haina uhuru huo, orodha zake kwa kiasi kikubwa zinakuja pale ekstensheni yenyewe inapoapdetiwa, kwa hiyo kuna siku utasubiri.

Hatua ya 5: kinachobaki kitoe kwa mkono

Kuna vitu sio matangazo kwa macho ya orodha lakini kwako ni kero, mfano kile kiboksi cha video kinachokufuata kila ukishuka chini. Kwenye uBlock Origin kuna alama mbili za kujua. Ya radi ni ya kufuta kwa muda, unagusa kitu kinatoweka, ukifungua ukurasa upya kinarudi. Ya dropa, ile kama ya dawa ya macho, ni ya kufuta moja kwa moja, unagusa kitu, inakuonyesha rangi sehemu itakayoondoka, ukiridhika unabonyeza kutengeneza. Anza na radi siku zote. Dropa itumie kwa websaiti unayoingia kila siku tu.

Filta unazotengeneza zinakaa ukurasa wa "My filters" kama mistari ya maandishi na unaweza kuzisoma. Mstari unaoanza na || unakata anwani nzima, wenye ## unaficha kipande cha ukurasa, unaoanza na @@ unaruhusu, na ukiweka ! mwanzoni huo ni maelezo yako tu bloka inaupita. Ukishajua hivyo vinne, ukikosea kitu hutaogopa, unaingia unafuta mstari wa mwisho.

Hatua ya 6: websaiti ikigoma

Itatokea tu. Ramani haifunguki, malipo yanazunguka hayamaliziki, video nyeusi. Usiitoe bloka, wala usiizime kote. Bonyeza alama yake, gusa kile kitufe kikubwa, inazimwa kwa websaiti hiyo peke yake, fungua ukurasa upya. Kwa websaiti za benki na za serikali mi huwa naizima kabla sijaanza, huko matangazo ya kuzuia ni machache na kukwama katikati ya muamala ni presha isiyo na sababu.

Kitufe hicho hicho ndo cha kutumia kwa websaiti unazozipenda. Mtu anaandika vizuri, hafuniki ukurasa, hana tangazo la kudanganya, na hayo matangazo mawili ndo yanayolipia seva yake, mruhusu. Ila websaiti inayokuwekea ukuta kwamba uzime bloka ndo usome, huku ina vitufe vitano feki vya "pakua hapa", hiyo mi naondoka zangu, habari ile ile ipo sehemu nyingine.

Na anayedhani kuzuia matangazo ni ubahili ajue hata FBI ya Marekani, Desemba 2022, ilitoa tahadhari kuhusu matapeli wanaonunua matangazo kwenye matokeo ya utafutaji kwa kujifanya kampuni za kweli, na mojawapo ya ushauri wao ulikuwa watu watumie ekstensheni ya kuzuia matangazo wanapotafuta vitu. Kwa hiyo kama una mzazi anayetafuta jina la benki yake na kubonyeza la kwanza analoliona, mwekee.

Kitu kimoja kidogo hapo: ekstensheni nyingi hazifanyi kazi kwenye dirisha la siri, lile la "Incognito" au "Private", mpaka uziruhusu. Ingia kwenye maelezo ya ekstensheni, washa kibali cha dirisha la siri.

Hatua ya 7: matangazo ya ndani ya aplikesheni

Huku brauza haifiki, tunahamia DNS, yaani kile kitabu cha simu ambacho simu yako inakitumia kujua jina fulani lina namba gani. Unaielekeza simu itumie kitabu ambacho anwani za matangazo zimefutwa. Kwenye Android 9 kwenda juu ingia setingi, sehemu ya mtandao, tafuta "Private DNS", kwenye baadhi ya simu imejificha ndani ya setingi zaidi za muunganisho. Chagua ile ya kuandika jina mwenyewe, andika dns.adguard-dns.com bila kuongeza https wala nafasi, hifadhi. Basi, gemu nyingi zitapoa hapo hapo.

Ina mambo mawili ya kuvumilia. Kwanza, ukikosea herufi moja intaneti yote inakata, na wifi za sehemu zinazotaka ujisajili kwenye ukurasa kwanza mara nyingine zinagoma, hapo rudisha kwenye otomatiki kwa muda. Pili, DNS inajua majina ya nyumba tu haijui vyumba, kwa hiyo pale tangazo na video vinapotoka nyumba moja, kama YouTube, haiwezi kutenganisha. Ndo maana haichukui nafasi ya bloka, zinakwenda pamoja, na hizi mbili hazigombani.

Baada ya yote haya utabakiwa na lile tangazo ambalo mwenye video analisema kwa mdomo wake, "video hii imeletwa kwenu na", hilo hakuna orodha inayolikamata kwa sababu ni sehemu ya video yenyewe. Kuna ekstensheni inaitwa SponsorBlock, watazamaji wenyewe wanaweka alama dakika gani tangazo linaanza na linaisha, na kwako video inaruka kipande hicho. Inakaa vizuri tu pamoja na uBlock kwa sababu kazi zao ni tofauti, ila kwenye video iliyotoka saa moja iliyopita usishangae haijaruka kitu, mpaka kuna mtu aitazame kwanza aiwekee alama, na huyo mtu unaweza kuwa wewe.